Kwa nini farasi mzee hukataa kutoa mguu usiouma

Lubumbashi ukitafuta fundi wa kushusha injini ya lori, utampata kabla jua halijatua, na atakuja na vijana wake wa kumshikia spana. Ukitafuta mtu wa kukata kwato za farasi mzee mwenye yabisi ya viungo, utauliza mpaka uchoke, na kila utakayemuuliza atataka kwanza kujua kwa nini unafuga farasi. Siwalaumu. Farasi wa mji huu ni wachache: wale wa kilabu, na wengine wa mtu mmoja mmoja kwenye mashamba ya barabara ya Kipushi na ya Kasapa. Hawatoshi kumlisha fundi anayeishi kwa kazi hiyo peke yake. Ndiyo maana kwato hukatwa na watu wenye kazi nyingine: mlinzi, mfugaji wa ng'ombe, mchomeleaji vyuma ambaye zamani aliwahi kumwona Mbelgiji mmoja akifanya.

Kwa farasi kijana aliye mzima, hilo linaweza kupita. Kwa mzee mwenye maumivu halipiti, na sababu yake ndiyo nataka kuieleza hapa, kwa sababu nilipokuwa natafuta sikupata mtu wa kunieleza kwa Kiswahili.

Farasi wetu anaitwa Mulunda. Ni dume aliyehasiwa, wa rangi ya kahawia iliyoanza kuingia mvi usoni, na sasa ana miaka 24. Baba yangu alikuwa palafrenye, ndivyo tunavyowaita watunza farasi huku kwetu, kwa familia moja ya wageni. Walipohama hawakuweza kuondoka na farasi mzee, wakamwachia baba pamoja na hatamu zake na tandiko. Baba naye magoti yamechoka, hawezi tena kuinama chini ya tumbo la mnyama. Basi mimi binti yake, ninayeshinda ofisini nikihesabu mizigo ya watu, ndiye niliyerithi kazi ya kumtafutia Mulunda mtu wa kwato.

(Majirani wana shauri lao la bei nafuu, nalo ni bucha. Huwa nawajibu kwamba mnyama huyu amekula fenilibutazoni, dawa ya maumivu ambayo mnyama wa kuliwa hapaswi kupewa kabisa. Wanacheka, lakini habari ya nyama hawaizungumzii tena.)

Kwanza kwato zenyewe. Ukwato wa farasi hukua milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, na ukuta wa mbele huchukua karibu mwaka mzima kushuka kutoka kwenye nywele hadi chini. Farasi anayetembea sana kwenye ardhi ngumu huzisaga mwenyewe. Farasi wa banda na uwanja mdogo hukatiwa kila baada ya majuma sita au zaidi kidogo. Mwenye yabisi hatembei vya kutosha, na akitembea haweki mguu sawasawa: huburuta ncha za nyuma, huegemea upande usiomuuma, na ukwato unalika upande mmoja huku mwingine ukirefuka. Ndiye anayehitaji kukatwa mara nyingi kuliko wote, na ndiye asiyeweza kusimama akikatwa.

Urefu wa mbele ndio unaoumiza zaidi. Kabla mguu haujaondoka chini, ukwato lazima ujipindue juu ya ncha yake ya mbele. Ncha ikiwa ndefu, kiungo kinalazimika kujikunja zaidi na kano ya nyuma kuvutika zaidi kabla mguu haujaachiwa. Kiungo chenye gegedu nzuri kinavumilia. Kiungo ambacho gegedu yake imelika, mfupa ukikaribia mfupa, kinalipia kila hatua, na farasi hupiga maelfu ya hatua kwa siku hata akiwa anatafuta majani tu. Kwa hiyo fundi anayejua hurudisha ncha nyuma na kuiviringa kwa tupa ili mguu uondoke mapema. Hiyo ni sehemu kubwa ya kinachoitwa utaalamu wa kwato za farasi mwenye yabisi. Haihitaji chuma cha ajabu wala dawa ya kupaka. Inahitaji mtu anayejua mfupa uko wapi ndani ya ukwato, na mwenye kurudi mara kwa mara.

Mulunda ana shida sehemu mbili. Moja ni nyuma, kwenye kile kiungo cha katikati ya mguu kilichochongoka kwa nyuma, ambacho palafrenye hukiita jare. Nyingine ni mguu wa mbele wa kulia, chini kabisa, kiungo kinachoingia ndani ya ukwato. Mtu asiyejua hutazama ule wa mbele kwa sababu ndio anaouchechemea waziwazi. Sisi wa nyumbani tulijua nyuma ni pabaya zaidi kwa sababu miguu yote miwili inauma. Farasi anayeumia miguu miwili ya nyuma kwa pamoja hachechemei. Anafupisha hatua tu, na watu wanasema amezeeka.

Fundi wa kwanza tuliyemwita alikuwa na sifa. Alikuja na koleo nzuri, tupa mpya na kijana wa kumshika farasi kichwani. Akainua mguu wa nyuma, akauvuta nje kidogo, akaupandisha juu ya paja lake kama wanavyofanya mafundi wote duniani, akaanza kukata. Mulunda akauvuta. Akaushika tena, akauvuta tena. Mara ya tatu fundi akaomba kamba, wakampinda mdomo wa juu kwa kamba ile mpaka macho yakamtoka, na kazi ikaisha upesi. Kwato zilipendeza. Ungezipiga picha. Lakini kwa siku kadhaa baada ya hapo Mulunda hakulala chini. Farasi anasinzia akiwa amesimama, lakini usingizi mzito anaupata akiwa amelala chini tu, na mwenye maumivu ya kuinuka huacha kulala. Alikuwa akisinzia wima, magoti ya mbele yanamlegea, anashtuka.

Baba hakusema mengi. Alisema, kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Hakuuliza hata ni muguu gani njo inamuuma."

Nikaligeuza kuwa mtihani. Tangu siku hiyo kila mtu niliyeambiwa anajua kwato nilimpigia simu, nikamweleza farasi ana miaka mingapi na viungo vyake vikoje, kisha nikanyamaza nisikie swali lake la kwanza. Wengi waliuliza bei. Mmoja aliuliza kama anapiga teke. Swali hilo ni la haki kwa mtu anayeinama chini ya mnyama wa kilo 450, ila linatazama mambo kutoka upande wa fundi. Nilikuwa natafuta mtu wa kuuliza: akiinuliwa mguu wa kushoto, anaonyesha nini kwenye wa kulia?

Hapa ndipo kuna jambo ambalo watu hawalijui. Farasi anapokataa kutoa mguu, sisi hutazama ule tulioushika. Tunasema huo ndio unaouma, au farasi ni mkaidi. Mara nyingi sababu iko upande wa pili. Ukiinua mguu wa nyuma wa kushoto, mzigo wake wote unahamia kulia. Kama wa kulia ndio mbovu, farasi atakunyang'anya wa kushoto, ambao hauna neno, ili aweze kuusaidia. Fundi anayempiga mkono kwenye ubavu kwa sababu "mguu huu ni mzima, anajidai tu" anampiga kwa kosa la mguu mwingine. Mulunda alikuwa akikataa hasa mguu wa mbele wa kushoto, mguu wake bora kuliko yote minne. Ukitazama wa kulia alivyokuwa akiuhangaikia wakati huo, ungeelewa bila kuambiwa.

Kuna na jambo la umbo. Mguu wa nyuma wa farasi umefungwa kwa kano kiasi kwamba ukikunja goti la nyuma, lile lililo juu karibu na tumbo, jare nalo linakunjika. Huwezi kukunja moja ukaacha jingine. Kila sentimita fundi anayopandisha ukwato ni kukunja goti, jare na nyonga kwa pamoja. Na akiuvuta mguu nje ili apate nafasi ya kusimama, anapinda kiungo kwenda upande ambao hakikuumbwa kwenda. Kwa farasi kijana huo ni usumbufu tu. Kwa Mulunda, kila kukatwa kwato kulikuwa adhabu.

Daktari wa mifugo tulimpata kwa njia rahisi kuliko nilivyotarajia. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, na vijana wanaohitimu pale wako mjini kote, wanatibu mbuzi, nguruwe, mbwa wa walinzi. Aliyekuja kwetu alisema waziwazi kwamba farasi amewashika wachache. Nilimpenda kwa hilo. Alileta mashine ya eksirei ya kubebeka, akatuambia tumsimamishe Mulunda juu ya vipande vya mbao vya kimo kimoja, miguu yote ibebe uzito sawa. Kisha akabandika waya mwembamba mbele ya ukuta wa ukwato, na kuchomeka pini ya ubao wa matangazo kwenye ncha ya fusheti, ile pembetatu laini iliyo chini ya ukwato. Pini haimuumizi ikiingia juu juu. Kwenye picha, waya unaonyesha ukuta ulipo, pini inaonyesha fusheti ilipo, na fundi anaweza kupima kutoka hapo hadi kwenye mfupa bila kubahatisha.

Picha zilitupa habari mbili. Kule mbele kulia, mfupa mpya umeota pembezoni mwa kiungo, nao hauondoki. Cha kufanya ni kukipunguzia kiungo kazi. Nyuma, vile viungo viwili vya chini vya jare vimebanana kwenye miguu yote miwili, na vya mguu wa kushoto vimekaribia kuungana kabisa. Nilishika kichwa. Daktari akasema, "Mama, hiyo ya kushoto si habari mbaya sana." Jare lina viungo kadhaa vilivyopangana. Kile cha juu ndicho kinachofanya karibu mwendo wote, viwili vya chini vinasogea kidogo sana. Mifupa yao ikiisha kuungana, hakuna tena cha kusuguana, na farasi wengi hupata nafuu. Shida ni miezi au miaka ya kuelekea huko. Kwa hiyo mguu wetu mbaya wa nyuma ulikuwa wa kulia, na hakuna aliyewahi kuutaja.

Daktari alitufundisha pia kutoitupia yabisi kila lawama. Farasi akiamka ghafla hawezi kukanyaga mguu mmoja kabisa, hasa wakati wa mvua, tafuta usaha ndani ya ukwato kabla ya kitu kingine. Kwato zikiwa na joto na mshipa wa nyuma ya kifundo unadunda kwa nguvu kwenye vidole vyako, hofia uvimbe wa zile tabaka zinazoushika ukuta kwenye mfupa. Huo ni ugonjwa mwingine, hausubiri kesho, na farasi wazee wanaupata kirahisi. Huku kwetu mlango wake mkubwa ni pumba na unga wa mahindi. Wanga mwingi kwa wakati mmoja unavuruga tumbo, na tumbo likivurugika kwato zinalipa. Tulipunguza pumba, tukaongeza majani makavu. Mulunda alipungua uzito kidogo, na kila kilo aliyopunguza viungo havikuibeba tena.

Sasa fundi. Jirani yetu wa karibu mwenye mafundi wa farasi wanaosafiri ni Zambia. Kutoka Lubumbashi hadi mpakani Kasumbalesa si mbali, ng'ambo ni Copperbelt, Kitwe na Ndola, na kuna watu wa farasi kule hadi Lusaka. Kumpeleka farasi kwao hakuwezekani. Ukanda wetu wote una ule ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na usubi na kuua farasi wengi wanaoupata bila kinga, kwa hiyo kumvusha farasi mpaka ni vipimo, vyeti na karantini. Hata vyeti vingekuwepo, nani atamsimamisha mzee mwenye jare bovu ndani ya lori kwenye foleni ya Kasumbalesa? Fundi lazima aje kwa farasi. Na fundi hawezi kuvuka kwa ajili ya farasi mmoja asipokulipisha safari yote.

Dawa yake ni kuungana. Kwenye kundi la WhatsApp la wenye farasi niliandika kwamba naomba mtu wa kwato za wazee, anayetaka tugawane safari aseme. Nilidhani watajibu wawili. Walijibu wengi, na karibu kila mmoja alikuwa na farasi wa "amezeeka tu" aliyefupisha hatua. Tukapanga aje kwa wakati mmoja, azunguke mabanda yetu yote, gharama ya njia igawanywe. Ukitaka kuanza mahali, anza hapo, kabla hujaanza kutafuta jina la fundi.

Fundi tuliyempata alituomba picha kabla ya kukubali. Alizitaka zipigwe simu ikiwa chini kabisa kwenye usawa wa ukwato, kutoka mbele, ubavuni na nyuma, halafu unyayo, mguu ukiwa safi. Picha iliyopigwa mtu akiwa amesimama haimwambii kitu, kila ukwato unaonekana mfupi kutoka juu. Akataka video ya farasi akija na akienda kwenye ardhi ngumu, na nyingine akizunguka duara dogo pande zote mbili. Kisha akauliza: anasimama na mguu juu kwa muda gani kabla hajaunyang'anya? Bado analala chini? Nitafanyia kazi wapi, sakafu ikoje? Daktari amempa nini? Nilimsomea baba ujumbe ule. Baba akasema, "Uyu akuye."

Akaja. Mpakani walimchelewesha kwa sababu ya vyombo vyake, kwani koleo la kwato ni kubwa na linatisha, na kisu chake kimepinda ncha. Alitueleza kwamba ilibidi awaonyeshe video za Mulunda ndipo wakamwachia, huku wakicheka.

Alichofanya kwa saa nzima ya kwanza kilikuwa ni kupanga mahali. Sakafu ya banda letu ni udongo wa kichuguu uliopigwa, mgumu na sawa, na juu yake tulikuwa tumetandika kipande cha mkanda wa mpira wa kubebea mawe, masalia ya mgodini ambayo mjini hapa hayakosi. Alikubali. Alimtaka Mulunda ubavu wake uegemee ukuta, ili awe na cha kujishikiza akisimamia mitatu. Mulunda alikuwa amepewa dawa ya maumivu mapema kwa agizo la daktari, na kiasi alipanga daktari mwenyewe, maana dawa ile ikizidishwa huchimba vidonda tumboni na kuumiza figo, na haichanganywi na za jamii yake. Alitembezwa kwanza polepole mpaka viungo vikapata joto.

Kisha fundi akapiga magoti. Mguu wa nyuma hakuupandisha kwenye paja. Aliuinua kimo cha kiganja tu kutoka chini, ukabaki palepale chini ya nyonga ya farasi, hakuuvuta nje hata kidogo, akaukalisha juu ya kistuli kifupi cha chuma. Akakata kidogo, akaurudisha chini kabla Mulunda hajauomba. Akasubiri. Akauinua tena. Kila mguu uliinuliwa mara nyingi na kwa muda mfupi, na kila mara aliyeamua kuushusha alikuwa yeye, kwa hiyo farasi hakupata sababu ya kuunyang'anya. Hakukuwa na kamba mdomoni. Alipomaliza miguu ya mbele alisimama, akajifuta jasho, akasema ya nyuma ataimalizia kesho asubuhi. Mimi sikuwahi kuwaza kwamba miguu minne inaweza kugawanywa siku mbili. Hakuna aliyesema lazima iishe siku moja. Ni sisi tu tunaotaka kumlipa fundi na aende zake.

Tulibishana kuhusu viatu. Kuna mwenye farasi mmoja katika kundi letu anayeamini kwamba farasi mwenye yabisi asiye na kiatu cha chuma anateswa. Hoja zake si za kutupwa: kiatu kilichotengenezwa vizuri, chenye ncha iliyoviringwa, kinaweza kumrahisishia mguu kuondoka, na kwa farasi wengine ndicho kinachowarudisha kwenye mwendo. Lakini kiatu kinapigiliwa kwa nyundo, na kila pigo linapanda hadi kwenye kiungo kile kile kinachouma, huku mguu ukiwa juu muda mrefu. Chuma pia ni uzito kwenye mwisho wa mguu, na hakiumezi mshtuko kama ukwato wenyewe unavyofanya. Tulichagua miguu mitupu, na viatu vya mpira vya kuvaa na kuvua kwa miguu ya mbele siku anapotembezwa kwenye changarawe. Farasi wa jirani amebaki na chuma na anaendelea vizuri. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1975, asiyesajiliwa haruhusiwi kumpigilia farasi kiatu. Kwetu mtu akija na nyundo getini, wa kumhoji ni wewe.

Tatizo lililobaki ni kwamba fundi wa ng'ambo hawezi kuja kila mwezi, na Mulunda anahitaji mkono kila baada ya majuma manne, kidogo kidogo, ili pasiwe na siku ya kukata kwingi. Jibu lilikuwa limesimama pale pale limeshika hatamu. Kijana mchomeleaji wa jirani, aliyetutengenezea kistuli kile cha chuma kutokana na bomba la zamani, alikuwa ametazama kazi yote bila kusema neno. Fundi alimpa tupa, akamshika mkono, akamwonyesha ncha ya mbele inaviringwa mpaka wapi na nini hakiguswi kabisa: unyayo, fusheti, visigino vya nyuma. Kijana hakati kwa koleo. Anapitisha tupa tu, anapiga picha kutoka chini, anazituma Zambia, anajibiwa. Fundi akija ndiye anayekata na kusawazisha. Ni mpango wa watu wa mbali na kila kitu, lakini hatua za nyuma zimerefuka na Mulunda analala chini tena, ubavu wa kushoto wenye uchafu wa asubuhi ndio ushahidi.

Majira yana sauti yake katika haya yote. Mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi ni baridi kweli, na asubuhi Mulunda hutoka bandani akiwa amekakamaa kama ubao. Wakati huo kijana haji kabla ya saa tano, jua likiwa limeshampasha na ametembea. Ardhi nayo ni ngumu, kwato zinapasuka kirahisi pembeni, tupa ndogo ya mara kwa mara inasaidia. Mvua zikianza, kuanzia mwezi wa kumi na moja, mambo yanageuka: viungo vinalegea kidogo, lakini fusheti inaanza kuoza kwenye tope, inatoa weusi na harufu usiyoisahau. Kila jioni inasafishwa na kukaushwa kabla hajaingia bandani, naye huingia mapema, kwa sababu usubi huanza kazi jua likizama.

Kijana sasa ana wateja. Wameanza kumwita kwenye mabanda mengine, na mtu mmoja wa Kipushi amemuuliza kama anaweza kumtazama punda. Amepandisha bei, nami nimelalamika inavyostahili, kisha nikalipa. Juzi alinirudishia tupa, imeisha meno, haili tena. Za kusugulia mbao zinazouzwa sokoni ni fupi mno, na zinararua. Kama kuna mtu anatoka Ndola au Lusaka kabla mvua hazijaanza na ana nafasi kwenye mzigo wake, tunahitaji tupa mbili za kwato, zile ndefu, upande mmoja meno makubwa, upande mwingine laini. Pesa ziko tayari.